Jumatatu moyo una tundu, Jumatano tundu halipo: daktari yupi alikosea?

SWALI: Shikamoo daktari. Wiki iliyopita mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza, wa kike, kilo 3.1, kwa njia ya kawaida. Alizaliwa Jumapili usiku. Jumatatu asubuhi daktari alimsikiliza kifua akatuambia moyo una sauti ya ziada, "huenda kuna tundu", ila tusiwe na hofu. Jumatano kabla ya kuruhusiwa akaja daktari mwingine, akasikiliza, akasema moyo uko salama. Ni tundu gani hilo linalotoboka na kuziba ndani ya siku mbili? Halafu mama mkwe wangu ana wasiwasi na viganja na nyayo za mtoto, mara nyingine zinakuwa na rangi ya bluu. Anasema ni kwa sababu mkunga alichelewa kukata kitovu, damu ya mtoto ikarudi kwa mama. Tunaishi Njombe. Tumwamini nani? (Baba mpya)

JIBU: Marahaba, na hongereni sana. Mfikishie mama mzazi salamu zangu, na bibi pia, maana swali lake si la kupuuzwa.

Madaktari wote wawili walisema kweli. Wa Jumatatu alisikia kitu kilichokuwepo. Wa Jumatano hakukisikia kwa sababu kilikuwa kimeshafunga, au kimebaki chembamba kiasi cha kutotoa sauti. Ninacholaumu ni neno "tundu" kuachwa likining'inia masikioni mwa wazazi bila maelezo, halafu wakaambiwa wasiogope. Nani asiogope? Moyo wa binti yako haukutoboka. Alizaliwa na njia ambazo kila mtoto huzaliwa nazo, wewe na mama mkwe wako mkiwemo, na bila hizo asingefika siku ya kuzaliwa.

Tuanzie tumboni. Mapafu ya mtoto aliye tumboni hayana hewa. Yamejaa majimaji ambayo mapafu yenyewe huyatengeneza, na mishipa yake midogo ya damu imejibana. Kazi ya kuleta oksijeni inafanywa na kondo la nyuma. Damu yenye oksijeni hutoka kwenye kondo kwa mshipa mmoja mpana uliomo ndani ya kitovu, na iliyotumika hurudi kwa mishipa miwili myembamba. Kitovu kikiwa kimekatwa muda huohuo ukikitazama pale kilipokatwa unaiona: tundu moja pana lenye ukuta laini uliolegea, na mawili madogo yenye kuta nene, yametokeza kidogo. Mkunga makini huihesabu. Akikuta mshipa mwembamba ni mmoja badala ya miwili, mtoto huyo anaangaliwa zaidi moyo na figo.

Kwa kuwa mapafu bado hayana kazi, hakuna sababu ya kuyapelekea damu nyingi. Ndipo inapokuja michepuko mitatu (hii ni halali, bibi asishtuke). Wa kwanza uko kwenye ini. Unapitisha sehemu ya damu ya kondo moja kwa moja hadi kwenye mshipa mkubwa unaoingia moyoni. Wa pili uko ndani ya moyo, kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya juu, wa kulia na wa kushoto. Hapo pana tundu lenye utando mwembamba unaofunguka kuelekea kushoto tu. Damu yenye oksijeni nyingi zaidi huvukia hapo, kisha husukumwa kwenda kwenye misuli ya moyo wenyewe na kwenye ubongo kabla ya viungo vingine kupata fungu lao. Wa tatu ni mshipa mfupi unaounganisha ateri kubwa iendayo mapafuni na aota, ule mshipa mkuu unaosambaza damu mwilini. Moyo wa kulia unasukuma damu kuelekea mapafuni, damu inakuta njia imebana, inakata kona na kuteremka kwa huu mchepuko hadi mwili wa chini na kurudi kwenye kondo. Hata mimba ikiwa imekaribia kutimia, damu inayopita mapafuni ni kama asilimia 10 hadi 20 tu ya yote inayosukumwa na moyo.

Kiwango cha oksijeni anachoishi nacho huko kingetutoa sisi jasho. Damu bora kabisa, ile inayotoka kwenye kondo, ina kama asilimia 80 ya oksijeni inayoweza kubeba, na ya mwili wa chini kama 60. Mtu mzima akifika wodini na namba hizo watu wanakimbia kutafuta mtungi. Mtoto anakua nazo bila shida kwa sababu ana himoglobini (kile kinachobeba oksijeni kwenye damu) ya aina yake, inayong'ang'ania oksijeni kuliko yetu, na anayo kwa wingi. Hiyo himoglobini hupungua taratibu katika miezi sita hivi ya mwanzo na nafasi yake kuchukuliwa na ya kikubwa. Ndiyo maana mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi ulio kwenye himoglobini ya kikubwa, huonekana mzima kabisa miezi ya kwanza, maumivu yakaanza baadaye. Lakini hayo tutayaongea siku nyingine.

Sasa anazaliwa, anavuta pumzi, analia. Hewa inayasukuma majimaji kutoka kwenye vifuko vya mapafu, yananyonywa na mwili. Mapafu yakishapata hewa na oksijeni, mishipa yake iliyokuwa imejibana inalegea, na damu inayopita humo inaongezeka takribani mara 8 hadi 10. Damu hiyo yote inarudi kwenye chumba cha juu cha kushoto, presha ya upande huo inapanda. Upande wa kulia nako, kitovu kikishabanwa, damu ya kondo haiji tena, presha inashuka. Ule utando unasukumwa ukutani na tundu linafungwa. Ni kazi ya dakika chache. Kugandana moja kwa moja ndiko huchukua miezi, na karibu mtu mmoja katika kila wanne hagandani maisha yake yote, anazeeka na upenyo mdogo ambao wengi hawajui kama wanao.

Oksijeni nayo haipandi mara moja. Mtoto mzima, mwenye afya, akiwekewa kipimo mkono wa kulia huwa na asilimia 60 hadi 65 dakika ya kwanza, 80 hadi 85 dakika ya tano, na 85 hadi 95 dakika ya kumi. Kwa hiyo mtoto kutoka akiwa na rangi ya bluu si kosa la mtu. Mkunga anaangalia kama anapumua na kama mapigo ya moyo yanazidi 100 kwa dakika, na mapigo hayo anaweza kuyahesabu kwa kushika kitovu kwenye shina lake, pale kinapoungana na tumbo. Asiyepumua anakaushwa, anasuguliwa mgongo, na akinyamaza bado, anapumulishwa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ileile ya kwanza. Kumning'iniza miguu juu na kumchapa makofi kulikuwa ushamba wa zamani, hakufungui mapafu.

Mchepuko wa tatu, ule mshipa mfupi, ndio uliowachanganya. Tumboni unabaki wazi kwa sababu mbili: oksijeni ni kidogo, na kondo linatoa kwa wingi kemikali iitwayo prostaglandini inayoulegeza. Mtoto akizaliwa kondo halipo, mapafu yaliyoanza kazi yanaivunja prostaglandini iliyobaki, oksijeni inapanda, na misuli iliyomo kwenye ukuta wa mshipa huo inaanza kujikaza. Kwa mtoto aliyetimiza miezi, mara nyingi unafunga kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Wiki mbili tatu baadaye unakuwa uzi mgumu tu, nao unabaki hivyo hadi uzee.

Hapo katikati, kabla haujafunga, presha zimeshageuka. Aota sasa ina nguvu kuliko ateri ya mapafu, kwa hiyo damu inapita kinyume na ilivyopita tumboni, tena kwa upenyo unaozidi kuwa mwembamba. Damu ikilazimishwa kupita pembamba inatoa mvumo. Daktari akiweka kipimo chake chini kidogo ya mtulinga wa kushoto, mtoto akiwa na saa kumi au kumi na mbili tangu azaliwe, anausikia vizuri. Jumatatu asubuhi ya binti yako ilikuwa ndiyo saa yenyewe. Jumatano mshipa ulikuwa umejikaza.

Lakini sitaki ulale usingizi wa moja kwa moja kwa hilo, maana kuna jambo linalokwenda kinyume na watu wanavyodhani. Yapo matundu ya kweli, yale ya ukuta wa vyumba vya chini vya moyo, na hayo mara nyingi HAYASIKIKI siku za kwanza. Sababu ni kwamba presha ya mapafu bado haijashuka vya kutosha, damu haina haraka ya kuvuka, na pasipo haraka hakuna mvumo. Presha ikishuka, sauti inajitokeza, pengine wiki ya pili, pengine ya sita. Kwa hiyo moyo kuwa kimya Jumatano ni habari njema, ila haifuti hudhurio la kliniki la wiki ya sita. Nendeni, na mwambieni daktari kwa mdomo wenu kwamba siku ya kwanza ilisikika sauti, amsikilize mtoto akiwa ametulia au ananyonya. Moyo wa mtoto anayelia hausikiki vizuri, hata ukiwa na kipimo cha bei mbaya.

Nije kwa bibi. Viganja na nyayo kuwa na bluu ni kawaida kwa kichanga, hasa siku mbili za mwanzo, na hujirudia akipata baridi. Mwili unaipa kipaumbele damu ya ubongo na moyo, mishipa ya mikono na miguu inabana, damu inapita polepole na kuachia oksijeni yake nyingi huko. Na ninyi mko Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hata mtu mzima hushinda na sweta. Mvalisheni kofia na soksi, mama amweke kifuani ngozi kwa ngozi wafunikwe pamoja, kisha tazameni viganja tena baada ya nusu saa. Jiko la mkaa msiingize chumbani hata iweje. Gesi yake hukamata himoglobini na kuikalia nafasi ya oksijeni, na mtoto anaweza kuwa anakosa hewa huku hana dalili ya bluu popote.

Bluu ya kuogopa iko kwenye ulimi. Ngozi yetu nyeusi haisemi mapema, na viganja husema uongo, lakini ulimi, fizi na upande wa ndani wa midomo havidanganyi. Msogezeni mtoto dirishani mchana (taa za umeme na tochi ya simu hupotosha rangi), subirini apige miayo au alie, mwangalie ulimi. Ukiwa mwekundu au wa pinki huku viganja ni bluu, mpasheni joto. Ulimi ukiwa bluu au wa kijivu, hata kama viganja vinapendeza, nendeni hospitali saa hiyohiyo.

Kuhusu kitovu, mkunga wenu anastahili soda. Damu ya mtoto haichanganyiki na ya mama kwenye kondo, kila moja inapita njia yake zikitenganishwa na utando. Iliyomo kwenye kondo na kitovu upande wa mtoto ni yake mwenyewe, na akizaliwa karibu theluthi ya damu hiyo bado iko huko nje. Mkisubiri dakika moja hadi tatu, kama Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza, anapata takribani mililita 80 hadi 100 za nyongeza. Kwa mtoto wa kilo tatu, ambaye damu yake yote ni kama robo lita, hiyo si nyongeza ya mchezo. Inamwachia akiba ya madini ya chuma ya miezi kadhaa. Gharama yake ni ndogo: baadhi ya watoto hupata manjano kidogo zaidi, kwa hiyo mkiona macho yanakuwa ya njano sana, mpelekeni aangaliwe.

Faida nyingine ni ya moyo wenyewe. Kabla ya kupumua, moyo wa kushoto unategemea damu itokayo kwenye kondo. Ukikata kitovu kabla mapafu hayajaanza kuuletea damu, kwa muda mfupi unakuwa hauna cha kusukuma, na mapigo yanashuka. Mtoto akishapumua ndipo ukikata, damu ya mapafuni imeshashika zamu. Hili limechunguzwa hapahapa kwetu, katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom mkoani Manyara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, wa watoto zaidi ya 15,000, ulionyesha kwamba kwa waliopumua wenyewe, kila sekunde 10 za kusubiri baada ya pumzi ya kwanza ziliambatana na kupungua kwa takribani asilimia 20 kwa hatari ya kufa au kulazwa. Ni utafiti wa kutazama na kurekodi, na watoto wenye shida ndio hukatwa kitovu haraka, kwa hiyo sitausimamisha kama ushahidi wa mwisho. Ila unakubaliana na jinsi moyo unavyofanya kazi, nami nawaambia wakunga wangu wasubiri pumzi.

Kuna upande mmoja wa kufungwa huku ambao wazazi wachache huambiwa. Wapo watoto wachache wanaozaliwa na moyo ulioumbika vibaya: mshipa wa kwenda mapafuni umeziba, au aota imebana, au mishipa mikuu imebadilishana nafasi. Tumboni hawaonyeshi dalili, maana michepuko inawabeba. Wakizaliwa wanalia vizuri, wananyonya, wanaruhusiwa. Kisha ule mshipa mfupi unafunga kama ulivyopangiwa, na kwao ndio uliokuwa umebaki kuwashikilia. Kuanguka kwao hutokea kati ya siku ya pili na wiki ya pili, wakiwa nyumbani, na mara nyingi hudhaniwa ni homa ya kichanga. Hospitali yenye uwezo humwekea mtoto huyo dripu ya prostaglandini, ileile ya kondo, mshipa ufunguke tena hadi afikishwe kwenye upasuaji, mfano Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam.

Ili kuwanasa mapema kuna kipimo chepesi ambacho ningependa kila wodi ya wazazi iwe nacho: oksijeni ya mkono wa kulia na ya mguu mmoja, mtoto akitimiza saa 24. Mkono wa kulia unapata damu kutoka kwenye aota kabla ya ule mchepuko, mguu unapata baada yake. Vyote vikiwa na 95 au zaidi na tofauti isizidi 3, amepita. Popote pakiwa chini ya 90, haondoki. Kwenye miinuko kama kwenu namba zinaweza kuwa chini kidogo, na daktari wa huko anajua kulizingatia hilo.

Kwa hiyo wiki hizi mtazame anavyonyonya. Mtoto anayevuta mara tatu nne kisha anaachia titi kuhema, anatoka jasho kipaji, analala njaa na kuamka njaa, huyo moyo wake unafanya kazi kupita kiasi. Hesabuni pumzi akiwa amelala, dakika nzima bila kukatisha: zikizidi 60, hesabuni tena, zikizidi tena nendeni. Miguu baridi isiyopata joto hata akipakatwa, rangi ya majivu, kulegea, kukataa titi, hayo hayasubiri kupambazuke.

Mke wako akibeba mimba nyingine, jihadharini na dawa za maumivu za duka la dawa. Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza prostaglandini, na wiki za mwisho zinaweza kuubana ule mshipa mfupi mtoto akiwa bado tumboni, wakati bado anauhitaji. Kuanzia wiki ya 20 asizitumie bila daktari kusema, kwa sababu huathiri pia figo za mtoto na maji ya uzazi, na kuanzia wiki ya 30 azikwepe kabisa. Maumivu ya kawaida yana parasetamoli. Asipirini ya dozi ndogo aliyoandikiwa kliniki kuzuia kifafa cha mimba ni suala jingine, hiyo asiiache. Nguvu hiyohiyo ya dawa hizi sisi huitumia kwa makusudi kwa watoto njiti, ambao mshipa wao mara nyingi hukataa kufunga, lakini hiyo ni kazi ya wodini chini ya uangalizi.

Najua swali utakalouliza baada ya hapa: je, umpeleke akapigwe eko ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti? Kwa sasa, kama ulimi una rangi yake, ananyonya bila kuhema na uzito unapanda, hapana, weka hela yako. Sauti ikisikika tena kliniki ya wiki ya sita, hapo eko ni lazima, hata kama itabidi msafiri hadi Mbeya.